Uliza Ujibiwe: Boti zilizovuka milima, pembe za Tabora, na historia ya wakubwa isiyosimuliwa

Karibuni tena wasomaji wetu wa Kigoma, Tabora na kote mnakotufuata. Toleo lililopita tuliomba mtuulize kuhusu historia ya Uingereza na Marekani, yale ambayo shuleni tuliyaruka, na jamani mmetuma mengi mpaka ukurasa umezidiwa, imebidi nichague. Kilichonifurahisha ni kwamba wengi hamkuuliza habari za wafalme na marais, mmeuliza vitu vilivyopita hapa hapa kwetu, na mimi ndo naamini hivyo, historia ya hao wakubwa unaielewa vizuri zaidi ukiianzia gatini Kigoma au pale Kwihara kuliko ukiianzia London. Twende.

Shikamoo Mwalimu. Mimi ni kijana, nabeba mizigo hapa bandarini. Kuna mzee tunashinda naye anasema vita ya kwanza ya dunia Waingereza waliburuta boti mbili za kivita juu ya milima mpaka ziwani kwetu, wakapigana na Mjerumani. Wenzangu wanamcheka kila siku. Ni kweli au ni stori za kwenye kahawa? (Msomaji wa Bangwe, Kigoma)

Marahaba mwanangu. Huyo mzee mwombeni radhi, kasema kweli tupu, na angetaka angewaongezea mengi.

Mwaka 1915 Ziwa Tanganyika lote lilikuwa mikononi mwa Mjerumani. Alikuwa na meli ndogo mbili, Kingani na Hedwig von Wissmann, na ya tatu ilikuwa kubwa kuliko zote, Graf von Götzen, iliyotengenezwa Papenburg kule Ujerumani mwaka 1913 halafu ikafunguliwa vipande vipande, ikapakiwa kwenye makasha kama 5,000, ikashushwa Dar es Salaam, ikapanda treni mpaka Kigoma, ikaungwa upya na kuingizwa majini Februari 1915. Aliyekuwa na meli ndo aliyekuwa na uwezo wa kuhamisha askari na mizinga popote anapotaka, kwa hiyo Wabelgiji ng'ambo ya pili walikuwa wanakaa roho juu.

Sasa Aprili 1915 mwindaji mmoja wa tembo, John Lee, akaenda London kwa wakubwa wa jeshi la majini akawaambia boti ndogo zenye spidi zinatosha kumaliza hiyo kazi, shida ni kuzifikisha. Wakakubali. Zikapatikana boti mbili za mbao, kila moja urefu kama mita 12, wakazipa majina Mimi na Toutou, na kamanda akawa Geoffrey Spicer-Simson, afisa ambaye wenzake walikuwa hawamtegemei sana, mwili una tatuu kila mahali na huku ziwani akawa anavaa sketi. Wakaondoka Juni 1915 kwa meli mpaka Cape Town, wakapanda treni kuja kaskazini mpaka Fungurume kule Katanga, Congo, reli ikaishia hapo.

Kutoka Fungurume ndo kazi yenyewe inaanza. Zaidi ya kilomita 200 za pori na milima ya Mitumba, boti zimewekwa juu ya magari ya kukokotwa, mbele zinavutwa na matrekta ya mvuke, panapokuwa pabaya wanaongeza ng'ombe, na panapokuwa pabaya zaidi ni kamba na mikono ya watu. Mamia ya Waafrika walikata miti, wakasawazisha njia, wakajenga madaraja zaidi ya 100 ili yale matrekta yapite. Na trekta la mvuke linakunywa maji balaa, kiangazi mito imekauka, kwa hiyo wanawake wa vijiji vya njiani wakawa wanabeba maji kwa vyungu kichwani kuzijazia mashine. Mimi hapo ndo huwa nasimama kidogo. Spicer-Simson kapewa nishani na jina lake liko kwenye vitabu, wale kina mama hakuna hata mmoja aliyeandikwa jina, na bila yale maji hizo boti zingeozea porini.

Baada ya milima wakapata tena treni, wakashuka mto Lualaba, treni tena, mpaka ziwani upande wa Congo, pale panapoitwa Kalemie siku hizi. Boti zikaingia majini wiki ya Krismasi. Tarehe 26 Desemba 1915 Kingani ikaja kuchungulia Wabelgiji wanafanya nini, bunduki yake kubwa ilikuwa inapiga mbele tu, Mimi na Toutou zikaijia kwa nyuma, dakika kama 11 kamanda wake kafa na meli imetekwa. Waingereza wakaitengeneza wakaiita Fifi. Wajerumani hapa Kigoma hawakujua Kingani imepotelea wapi, Februari 1916 wakatuma Hedwig von Wissmann ikatafute, nayo ikazamishwa tarehe 9.

Ile kubwa sasa. Götzen ilipotokea Spicer-Simson hakuthubutu kuigusa. Juni 1916 ndege za Wabelgiji zile zinazotua majini, walizoazimwa na Waingereza, zikaja kudondosha mabomu Kigoma, na reli ilipokaribia kukatwa Wajerumani wenyewe wakaizamisha meli yao Julai 1916, lakini mafundi wakapaka injini grisi nene kwanza wakijua siku moja itaibuliwa. Wabelgiji wakaiibua ikazama tena, Waingereza wakaitoa mwaka 1924, injini nzima! Mwaka 1927 ikaanza kazi kwa jina jipya, Liemba. Kwa hiyo mwambie huyo anayecheka kwamba meli ambayo bibi yake alisafiria kwenda Kasanga ndo ile ile aliyokuja kuifuata Mwingereza na boti za mbao.

Mwalimu, nasoma kidato cha tatu Tabora. Rafiki yangu kasema kuna siku 11 ambazo Uingereza hazikuwahi kuwepo. Inawezekanaje? (Mwanafunzi, Tabora)

Inawezekana, na walifanya kwa sheria ya bunge. Walikuwa wanatumia kalenda ya zamani ya Julius Caesar ambayo ilikuwa imechelewa nyuma ya jua, nchi nyingi za Ulaya zilishabadilisha tangu 1582, Waingereza wakakataa kwa sababu aliyeirekebisha alikuwa Papa wa Roma na wao walishaachana na Roma. Zaidi ya miaka 160 barua inaandikwa Paris tarehe hii, inafika London tarehe ya nyuma! Mwishowe wakakubali, watu wakalala Jumatano tarehe 2 Septemba 1752, wakaamka Alhamisi tarehe 14. Makoloni yao ya Amerika nayo hivyo hivyo, ndo maana George Washington alizaliwa tarehe 11 Februari lakini siku yake ya kuzaliwa inahesabiwa tarehe 22. Utasikia watu wakisema kulikuwa na fujo mitaani watu wanadai siku zao, wanahistoria wametafuta ushahidi wa hizo fujo hawajaupata, kwa hiyo hilo usiliandike kwenye mtihani.

Shikamoo Mwalimu, mimi mama wa watoto watatu, naishi Ujiji karibu na ule mnara wa Livingstone. Binti yangu ananibana kila siku, Stanley alikuwa Mwingereza au Mmarekani? Kitabu kimoja kinasema hivi, kingine vile. (Mama wa Ujiji)

Marahaba dada, na hongera kwa binti, kauliza swali ambalo Stanley mwenyewe, yule mwandishi wa habari aliyekuja Ujiji kumtafuta mmisionari Livingstone, alilikwepa miaka mingi.

Alizaliwa Denbigh, nchi ya Wales, Januari 1841, akaitwa John Rowlands. Mama hakuwa ameolewa na mtoto akawa wa kutupwa huku na huku, akalelewa kwenye nyumba ya maskini ya St Asaph, nyumba za serikali za watu wasio na pa kwenda, maisha yake huko yalikuwa ya shida. Akiwa kijana wa miaka 18 akafanya kazi kwenye meli akavuka mpaka New Orleans, akatoroka meli, akachukua jina la mfanyabiashara mmoja wa hapo na kujiita Stanley, na tangu hapo akawa anajitambulisha kama Mmarekani.

Vita ya wenyewe kwa wenyewe ya Marekani ilipoanza 1861 alikuwa kusini, akaingia jeshi la kusini, lile lililokuwa linapigania utumwa uendelee. Aprili 1862 akapigana vita kali ya Shiloh, akatekwa, akapelekwa kambi ya mateka Chicago ambako watu walikuwa wanakufa kwa magonjwa, na njia ya kutoka ilikuwa ni kukubali kuhamia upande wa pili. Akahamia. Akaugua, akaachwa. Mwaka 1864 akajiunga na jeshi la majini la kaskazini, akatoroka. Yaani huyu bwana aliyekuja Ujiji na bendera ya Marekani mbele ya msafara, Novemba 1871, alishavaa sare za pande zote mbili za vita ile. Ilipofika 1892 akarudi kuwa raia wa Uingereza, na 1895 akaingia bungeni kule. Mwambie binti vitabu vyote viwili vina ukweli, inategemea unamuuliza mwaka gani.

Lakini dada yangu, kuna jambo ambalo kwangu linauma zaidi na pale kwenye mnara sijaona likisemwa. Livingstone mwenyewe alikuwa na mtoto kwenye vita ile ile. Robert, mtoto wake mkubwa wa kiume. Alikuja Afrika kumtafuta baba yake akaishia Natal, hakumpata, akaangukia Marekani, akaandikishwa kwenye jeshi la kaskazini, kikosi cha New Hampshire, kwa jina la uongo, Rupert Vincent, akamwandikia baba yake kwamba amebadili jina asije akaliletea aibu jina la familia. Akatekwa Virginia, akafia kwenye kambi ya mateka Salisbury, North Carolina, Desemba 1864, ana miaka 18. Kafa akipigana upande wa kuvunja utumwa, kitu kile kile baba yake alichokuwa anakiandikia makala dunia nzima. Kwa hiyo siku Stanley na Livingstone wanakaa barazani Ujiji, yule mgeni alikuwa ametokea kwenye vita iliyommaliza mtoto wa mwenyeji wake. Watu wanakariri ile salamu ya Stanley tu, "Dokta Livingstone, nadhani?", hili wanaliacha.

Ndugu mhariri, sisi wa Kwihara tunajua mwili wa Livingstone ulipita hapa. Kwa nini hawakumzika tu, mbona ilikuwa rahisi? (Msomaji wa Kwihara)

Kuna Mwingereza aliwashauri hivyo hivyo, na wakamkatalia.

Alifia kwa Chitambo, Zambia ya leo, Mei 1873. Watu wake, wakiongozwa na Susi na Chuma, wakautoa moyo na vilivyo ndani wakazika chini ya mti, mwili wakaupaka chumvi wakaukausha juani, wakaufunga kwa kitambaa na magome ya mti na kuanza safari ya kwenda pwani. Oktoba wakafika Unyanyembe, ndo hapo kwenu, wakamkuta Luteni Cameron, aliyetumwa kumsaidia Livingstone akiwa hai, akawaambia mzikeni hapa, njia ya mbele ni mbaya. Wale wakasema hapana, huyu tunampeleka kwao. Njiani mbele ya hapo wenye nchi wakakataa maiti isipite kwao, basi wakafanya kama wameirudisha ikazikwe, kumbe mwili wenyewe wameufunga upya ukawa kama mtumba wa nguo za biashara, ukapita. Bagamoyo walifika Februari 1874. London daktari akautambua kwa mfupa wa mkono wa kushoto uliowahi kuvunjwa na simba ukaunga vibaya.

Mazishi Westminster Abbey yalikuwa tarehe 18 Aprili 1874 na katika wale wabebaji wote aliyekuwepo ni mmoja, Jacob Wainwright, Myao aliyekuwa amekombolewa utumwani na kusomeshwa India, ambaye alikuwa ameandika shajara ya safari hiyo nzima. Susi na Chuma waliletwa Uingereza mazishi yakiwa yameshapita, wakakaa wakisaidia kueleza ramani na daftari za bwana wao. Mimi naona ile ilikuwa safari kubwa kuliko ya Stanley, na waliifanya kwa uamuzi wao, hakuna aliyewatuma.

Mwangaluka Mwalimu! Tunasoma kila siku kwamba Tabora ilikuwa kituo cha pembe za ndovu. Hakuna anayesema zilikuwa zinaenda kufanya nini huko mwisho. Nani alikuwa anazinunua zote hizo? (Msomaji wa Ng'ambo, Tabora)

Mwangaluka kaka. Nyingi zilienda India na Uingereza, ila kuna sehemu kubwa sana ilienda mahali ambapo huwezi kupadhania, vijiji viwili vya Marekani, jimbo la Connecticut, kimoja Deep River na kingine jirani yake kinaitwa Ivoryton. Huko walikuwa wanatengeneza vitufe vya piano.

Ukiangalia piano ina vitufe vyeupe 52, na vyote vilifunikwa vipande vyembamba vya pembe. Pembe za Afrika Mashariki zilipendwa kwa sababu ni laini, hazipasuki ovyo zikikatwa. Kampuni ya Pratt, Read ilikuwa Deep River na Comstock, Cheney ilikuwa Ivoryton, walikuwa wanapasua pembe vipande vipande, wanavianika kwenye nyumba ndefu za vioo ili jua livifanye vyeupe, halafu vinagundishwa kwenye vitufe vya mbao. Mwanzoni mwa miaka ya 1900 Marekani ilikuwa inatengeneza piano zaidi ya 300,000 kwa mwaka, kila familia inayojiweza inataka binti ajifunze piano sebuleni. Hebu fikiria tembo wangapi.

Njia yenyewe ilianzia Salem, Massachusetts. Wafanyabiashara wa Salem walikuwa Zanzibar mapema sana, mkataba wa Marekani na Sultani Said ni wa 1833 na balozi wao wa kwanza, Richard Waters, alianza kazi 1837, Mwingereza alikuwa bado hajaweka wake. Walikuja na merikani, kile kitambaa kigumu kilichokuwa kama pesa mpaka Ujiji, wakaondoka na pembe. Na pamba ya kile kitambaa ililimwa na watumwa wa kusini mwa Marekani. Ndo maana vita yao ya 1861 mpaka 1865 ilipokata pamba, hata huku bara merikani iliadimika na nguo za Bombay na Manchester zikachukua nafasi. Risasi zinalia Virginia, bei inabadilika soko la Tabora.

Kuna kitu kinanisumbua hapa na sitaki kukipitia juu juu. Deep River ilikuwa kijiji cha watu wanaopinga utumwa. George Read, mmoja wa wakubwa wa ile biashara ya pembe, alikuwa mpinga utumwa hodari, na mtumwa mtoro kutoka Virginia, Daniel Fisher, alipokelewa hapo akapewa jina jipya la William Winters akaishi mpaka uzee. Walimficha mtu mmoja kwa moyo wote huku kiwanda kinakula pembe zilizotoka kwenye njia ile ile ya misafara ya watumwa. Sidhani walikuwa wanafiki, nadhani hawakuuliza mzigo umetoka wapi, na kutokuuliza kuliwafaa mfukoni.

Na kaka, kitu kimoja turekebishe, tumezoea kusema pembe zote zilibebwa na watumwa. Wanyamwezi wengi walikuwa wapagazi huru, wanaajiriwa, wanapatana mshahara kabla ya safari, wakipunjwa wanagoma au wanatua mizigo wanaondoka, na kijana ambaye hajafika pwani alikuwa hahesabiki mwanaume. Kupiga miguu miezi mitatu hivi mpaka Bagamoyo na pembe begani ilikuwa kazi ya watu wenye ujuzi na heshima yao, tusiwapokonye.

Mwalimu mi ni nahodha wa boti, Kibirizi. Historia ya Marekani nikiisoma naona watumwa wanakombolewa tu, wanakombolewa tu. Hakuna hata mmoja aliyejikomboa mwenyewe? (Nahodha, Kibirizi)

Wapo wengi nahodha, ila wewe nakupa wa fani yako.

Robert Smalls, kazaliwa mtumwa Beaufort, South Carolina, mwaka 1839. Vita ilipoanza alikuwa anashika usukani wa meli ya jeshi la kusini iitwayo Planter, bandari ya Charleston, kazi ya rubani anaifanya yeye ila cheo hapewi kwa sababu ni mtu mweusi. Mwenyewe akawa anaangalia tu. Mitego ya majini iko wapi, filimbi zinapigwa vipi kwenye kila ngome, kapteni anasimamaje akipita. Usiku wa kuamkia tarehe 13 Mei 1862 maofisa wazungu wakaenda kulala nchi kavu, kinyume na amri. Smalls na wenzake wakawasha moto wa boila kama saa tisa usiku, wakapitia mahali walipojificha mke wake Hannah, watoto na familia za wenzake, jumla watu 16, yeye kavaa kofia ya majani ya kapteni, kasimama vile vile kama kapteni anavyosimama.

Wakapita ngome moja baada ya nyingine, kila ngome anapiga filimbi inayotakiwa. Ngome ya Sumter ndo ilikuwa na mizinga ya kuwamaliza wote, akapiga filimbi, wakaruhusiwa. Walipotoka nje ya mizinga wakashusha bendera wakapandisha shuka jeupe, maana sasa meli za kaskazini nazo zilikuwa tayari kuwafyatulia, na kulikuwa kunaanza kupambazuka, shuka likaonekana. Akaikabidhi meli na mizinga yake yote, na zaidi ya mizinga, akakabidhi kila alichokijua kuhusu ile bandari.

Baadaye akawa kapteni wa hiyo hiyo Planter, akanunua nyumba ya aliyekuwa bwana wake kule Beaufort, akajifunza kusoma akiwa mtu mzima, akapigania shule za bure za watoto wote kwenye katiba ya jimbo lake, akaingia bunge la Marekani vipindi vitano. Hayo yote na bado mtu anamaliza chuo hajawahi kumsikia.

Mhariri, mimi ni mkulima wa tumbaku Urambo. Marehemu babu alikuwa anasema Mwingereza alikuja hapa kulima karanga kwa mashine kubwa kuliko nyumba, halafu wakaondoka. Kilitokea nini? (Mkulima, Urambo)

Baada ya vita ya pili Uingereza ilikuwa imeshinda lakini ina njaa. Mafuta ya kupikia, siagi ya mimea, sabuni, vyote kwa kadi, na kadi zenyewe zilikuja kuisha kabisa 1954. Mwaka 1946 Frank Samuel, mkuu wa kampuni ya United Africa, akapeleka wazo serikalini, tulime karanga Tanganyika kwa matrekta, eneo kubwa ambalo halijawahi kuonekana. Wakatumwa wataalamu watatu wakiongozwa na John Wakefield, wakazunguka wiki tisa tu, mengi wakayaangalia wakiwa kwenye ndege, wakarudi na mpango wa ekari zaidi ya milioni 3. Waziri wa chakula John Strachey akaubeba. Sehemu zikawa Kongwa, Nachingwea na kwenu Urambo.

Mashine mpya hazikuwepo, vita ndo imeisha, wakanunua matrekta chakavu ya jeshi la Marekani yaliyobaki Ufilipino, mengi yalifika yameshachoka. Wakachukua vifaru vya Sherman wakavigeuza matrekta. Wakafunga minyororo mikubwa kati ya mashine mbili ziende sambamba zikiangusha miti. Kongwa mibuyu ikawashinda, na udongo wake mvua ikikata unakuwa mgumu kama tofali, jembe halipiti na karanga haitoki ardhini. Mgogo yeyote angewaambia mvua ya pale haiaminiki! Hakuulizwa. Huo ndo ubovu wenyewe wa ule mpango, sio udongo, sio matrekta, ni kupanga shamba la milioni 3 za ekari bila kukaa chini na mtu hata mmoja aliyekuwa analima pale na kula alichovuna.

Urambo mlikuwa na nafuu ya mvua lakini miombo na mbung'o viliwachosha, na treni moja ya reli ya kati ilikuwa haiwezi kubeba dizeli, vipuri na chakula cha watu wote wale kwa wakati. Januari 1951 serikali ikatangaza basi, pauni milioni 36 zimepotea, na kule London wananchi bado wanapanga foleni ya mafuta. Mashamba yaliyobaki yakachukuliwa na shirika la kilimo la Tanganyika, na hapo Urambo ndo wakaanza kugawa maeneo kwa wakulima na kujaribu tumbaku ya kukausha kwa joto la mabani. Hiyo tumbaku unayoipeleka sokoni kila msimu, ndugu yangu, imeanzia kwenye mabaki ya karanga za Mwingereza.

Kama babu yako aliacha picha, kadi ya kazi au hata kipande cha chuma kutoka kwenye zile mashine, nipigie picha unitumie, na wengine wa Urambo ambao wazazi wenu waliendesha au kutengeneza yale matrekta niandikieni majina yao na kazi walizofanya, toleo lijalo tutayachapa yote.